Pipa Nililolisugua

Pipa la uani kwetu limeachia. Mama alinipigia simu kunieleza kana kwamba ananiarifu msiba mdogo: mikanda yake ya chuma imeshuka yenyewe hadi chini, mbao zikafunguka zote kwa mpigo na kulala chali kama maganda ya ndizi. "Nani angelijaza maji sasa?" aliniuliza. "Mwenye kulijaza si ndiye huyo tumemzika." Pipa la mbao likikaa kavu mbao zake husinyaa zikaachana, na lile lilikuwa halijaonja maji tangu tulipomaliza matanga. Nilipofika Morogoro Jumamosi nilikuta Mama ameshazipanga mbao kando ya jiko, tayari kwa kuni. Niliokota moja, nikainusa upande wa ndani. Moshi wa zamani ulikuwepo kwa mbali, na chini ya moshi ule, au labda ni kichwa changu tu, kulikuwa na sabuni.

Nikamwambia asizichome. Akaniuliza za nini.

Mimi ni mtu nisiyejua kutulia, na ninajua nilikoitoa tabia hiyo. Baba yangu alikuwa seremala katika kiwanda kimoja cha pale mjini. Mtaa wetu wote wa Mwembesongo uliamshwa na king'ora cha kiwanda kile. Watu walichemsha chai kwa king'ora, wakaogesha watoto kwa king'ora. Kisha kiwanda kikafungwa, king'ora kikanyamaza, na kumbe mwili wa mtu hauambiwi. Baba aliendelea kuamka saa ile ile, akavaa ovaroli lake la bluu, akanywa chai amesimama. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alitugeukia sisi. Alitengeneza mlango ambao haukuharibika. Aling'oa miguu ya vigoda akairudishia. Siku moja Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alirudi na kukuta meza yake ya kusahihishia madaftari imekuwa vipande vipande sakafuni.

"Baba Koleta," alisema, "hebu kaa chini hata chai ipite kooni."

"Ilikuwa inalia," Baba alijibu.

"Meza?"

"Inalia ukiandika. Wewe umezoea tu."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na mwenye duka aliyesinzia yalijaa vitu hadi mlangoni. Sabuni, kwa mfano. Nilikuwa nimekua nikijua sabuni ni mche mmoja unaokatwa vipande kwa uzi, na Mama akivificha vile vipande kama dhahabu. Ghafla kulikuwa na sabuni ya waridi, ya kijani, ya unga wa bluu unaonukia hadi ukapiga chafya. Vitu vilikuwa vingi, na wakati huo huo akina baba walikuwa wanapungua. Waliobaki na ajira walikuwa wale wa kiwanda cha risasi cha Mzinga na wa ofisini. Wengine walikwenda Dar kuuza mitumba, wengine machimboni. Baba yake Zuhura, rafiki yangu wa nyumba ya tatu, alikwenda machimbo ya Mererani akaandika barua mbili. Ya tatu haikuja. Zuhura alikuwa bado akitoka nje kila aliposikia kengele ya baiskeli, na mimi nilikuwa naona haya kumtazama.

Kwa hiyo Bwana Temu alipotokea, mimi nilimpenda kabla sijamwona. Alikuwa mwekezaji kutoka Dar. Wakati ule kila mwenye pikapu na miwani alikuwa mwekezaji, lakini huyu alikuwa na shughuli ya kweli: alipata kibali cha kutengeneza wiski ya mahindi, si gongo la kukimbizana na polisi, na akahitaji mapipa ya mwaloni ya kuilaza hadi iive. Mwaloni hauoti kwetu. Mimi niliujua kwenye masomo ya Jumapili tu, mti wa Abrahamu aliyewakaribisha wale wageni watatu, na nilishangaa kwamba mti wa Biblia unaweza kutiwa pombe.

Baba alijua mapipa hayo yalipo. Alizaliwa juu milimani karibu na misheni, na utotoni bruda mmoja mzungu alimfundisha kukaza na kuziba mapipa yaliyokuja na divai ya mapadri. Divai ilikwisha kunywewa zamani, lakini mapipa hayatupwi. Yalitawanyika huko Uluguru, hili limejaa maharage, lile linakinga maji ya mvua, jingine limelaliwa na kuku. Bwana Temu alitaka sita. Yakiwa mazima na yakiandaliwa anavyotaka, Baba angekuwa fundi wake wa mapipa, kazi ya kudumu, hapo hapo Morogoro.

"Na yakishindikana?" Mama aliuliza. Nilikuwa nakaa nao, nabambua karanga.

"Yakishindikana, mwezi ujao naenda Mererani."

Karanga zilinimwagika. Mama alidhani nimesinzia.

Basi Baba akawa kiguu na njia. Alipanda mlimani Jumatatu, akashuka Jumatano na pipa kwenye lori la ndizi, akapanda tena kabla matope hayajakauka kwenye viatu. Uani kwetu mapipa yakaanza kujipanga moja baada ya jingine. Aliyafungua, akaparura mbao kwa ndani, akayakaza upya, akawasha moto wa maranda kwenye karai la chuma na kulifunika kwa pipa hadi ndani kukawa kweusi. Kisha akaziba. Yote hayo aliyafanya nikiwa shuleni au mlimani kwa Bibi, na Baba hakuwa mtu wa kueleza kazi yake. Ukimuuliza unafanya nini, alisema, "Si unaona."

La sita lilikuwa kwa Bibi mzaa Mama, kijijini Kinole. Nilikuwa nimepelekwa huko likizo, kuchuma pilipili manga na kufunzwa adabu. Adabu kwa Bibi ilianzia kwenye sufuria. Tulipika kwa mafiga matatu na kuni za mkarafuu, sufuria zikatoka nyeusi tii, na kila asubuhi Bibi alinikalisha mferejini na mchanga, majivu na kumbi la nazi.

"Sugua, Koleta. Mgeni akiingia kwa mtu hatazami kitanda. Anatazama masizi."

"Bibi, si yatarudi tena mchana?"

"Na wewe utasugua tena mchana. Msichana anajulikana kwa sufuria yake. Huyo binti wa hapo ng'ambo kwa nini hajaposwa?"

Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na haraka ya kuposwa, ila nilipenda sifa kuliko nyama. Sufuria ikishang'aa, Bibi aliigeuza juani, akajitazama humo kama kioo, na kusema, "Haya, hapa sasa kuna mtu." Kwa maneno hayo ningesugua mlima.

Baba alipokuja kulichukua pipa lake la maji ya mvua, Bibi alinuna siku nzima. Ilibidi Baba amletee dumu kubwa jipya la plastiki, la bluu, lenye mfuniko. Bibi alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa mkongojo na kusema halina sauti. Mwishowe akakubali, si kwa ajili ya dumu. "Nimekubali mume wa mwanangu asiende kuchimba mawe," alisema. "Hilo tu." Tulishuka nalo juu ya lori, mimi nimelikumbatia kati ya mikungu ya ndizi, na Baba akishikilia upande wa pili. Sijui kama tumewahi kukaa karibu hivyo tena kwa muda mrefu namna ile. Linanukia karafuu, nikamwambia. Baba akatia pua. Akacheka.

Wiki iliyofuata nilirudi shuleni. Ijumaa jioni nilikuta pipa la Bibi limeshachomwa ndani, limelazwa ubavu, upande mmoja bado wazi. Uani kulinuka kama sukari inayoungua. Baba alikosa mikanda miwili ya chuma, na mhunzi aliyemwamini alikuwa Mikese, barabarani. Bwana Temu naye angekuja kesho kutoka Dar, na njia yake ni hiyo hiyo ya Mikese. Wakapatana amchukue Baba pale, waje pamoja, akague mapipa na kuyapakia.

Jumamosi Baba aliondoka mapema. Mama alikuwa na kikao shuleni. Nilibaki peke yangu na mapipa sita, na sikuweza kukaa. Nilifagia uani mara mbili. Niliyagonga yale matano mfululizo. Nililichungulia la sita na roho ikaniruka: ndani kulikuwa na masizi ya kutisha, meusi, mazito, yanayoshika kidole. Mgeni anatazama masizi. Nilijua Baba amechoma kuua wadudu na harufu ya pipa la kale, kama Bibi anavyofukiza mtungi, lakini mtungi ukifukizwa huoshwa. Baba alikuwa amechoka, amesahau. Na hata angekumbuka, bega lake lisingepita. Mimi ningepita.

Nikachukua brashi ya waya kwenye sanduku lake la kazi. Nikachukua mchanga, kumbi, na kopo la ile sabuni ya unga wa bluu ambayo Mama aliihifadhi kwa mashuka ya wageni. Nikaingia ndani kichwa kwanza.

Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa moyo kama ule. Humo ndani kulikuwa na joto na giza, sauti yangu ilinirudia nikiimba, masizi yakanimwagikia machoni. Nilitoka na ndoo za maji meusi, nikarudi. Brashi ilinichuna vifundo vya vidole vyote. Nilipomaliza, mbao zilikuwa na rangi ya mkate, na pipa zima linanukia mashuka mapya. Nikajiosha, nikavaa gauni la kanisani, nikakaa kibarazani kungoja. Baba hatakwenda Mererani, nilikuwa najiambia. Nimemzuia kwa mikono yangu.

Pikapu ilifika na lori dogo nyuma yake. Nilimwamkia Bwana Temu shikamoo kwa sauti ya shule. Alikuwa mtu mchangamfu, akaniuliza darasa la ngapi. Akaanza na mapipa yaliyozibwa: alitoa kizibo, akanusa tundu, akafumba macho. "Safi, fundi." La pili, safi. La tatu, la nne, la tano. Baba alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, mikanda mipya bado begani. Wakalifikia la sita. Bwana Temu akawasha tochi na kuingiza kichwa. Alikaa humo muda mrefu kuliko kwa mengine yote, nami nikatabasamu.

Alipotoa kichwa alipiga chafya.

"Nani kasugua humu?"

Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Baba alikuwa ameshapitisha mkono ndani, akapapasa mbao juu, chini, hadi mwisho ambapo mkono ulifika. Akautoa na kuunusa. Akaitazama mikono yangu. Kisha akanitazama usoni, ambapo meno yote yalikuwa nje.

"Mimi," alisema Baba.

"Wewe? Wewe fundi?"

"Mimi." Kisha, bila kunitazama tena: "Koleta mama, nenda kamletee mgeni maji ya kunywa."

Nilikwenda, na kila hatua niliona kama nakanyaga miba. Kaniibia! Mtu mzima, baba mzima, ananinyang'anya sifa mbele ya mgeni! Kupitia dirisha la jiko niliwaona wakizungumza kwa sauti ya chini, Bwana Temu akionyesha lile pipa, kisha yale matano, kisha akipiga kiganja kwa mgongo wa mkono. Baba alikuwa amesimama wima, mikanda begani, akiitikia kwa kichwa tu. Niliporudi na bilauri kwenye sinia, mgeni alikuwa anapanda gari. Hakunywa. Lori likageuza likiwa tupu.

Nilijua kilichotokea. Nilikuwa na uhakika nacho kwa miaka kumi na mbili. Bwana Temu alimwuliza Baba, bega lako hili lilipitaje humo? Akamgundua ni mwongo, na hakuna anayempa mwongo kazi. Angeniacha niseme "mimi", tungekuwa tumepona.

Jioni Baba aliniita, akanikalisha kwenye kigoda, akachukua mafuta ya nazi na kunipaka kwenye vifundo vilivyochunika, kidole kimoja kimoja. Nilidhani ni toba. Kabla hajamaliza mkono wa kushoto, niliuvuta.

Aliondoka mwezi uliofuata, kama alivyosema. Kwetu msafiri husindikizwa. Hata jirani unayegombana naye unambebea mzigo hadi barabarani. Mama alibeba kapu, akaniambia nichukue begi dogo la Baba twende stendi. Nilisema nina sufuria za kusugua. Mama alitaka kunichapa, Baba akamzuia. Akaja hadi pale mferejini, akasimama na ovaroli lake limekunjwa kwapani.

"Haya mama. Baki salama."

Nilisugua. Sikuinua kichwa hadi nilipojua wameshavuka kona.

Huko machimboni alikaa miaka minane. Barua zake zilikuja, si kama za baba yake Zuhura, ingawa si mimi niliyestahili kukumbukwa, na kila barua ilinisalimu kwanza mimi, kisha Mama. Nilimjibu kwa sentensi mbili. Alipokuja Krismasi nilimwamkia na kupita. Yale mapipa matano alikuwa ameyarudisha mlimani kwa wenyewe. La Bibi halikutakiwa, Bibi ameshalizoea dumu lake, hivyo Mama akalijaza maji na likabaki uani. Mwezi ule wa kwanza maji yake yalitoa povu. Baba aliporudi moja kwa moja, na kifua kisichomruhusu kupanda hata kilima cha sokoni, kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuliongeza maji lisije likakauka.

Mimi nilisoma pale pale Morogoro, chuo kikuu, mambo ya vyakula. Ilikuwa kipindi cha mchana, joto, nusu ya darasa inasinzia. Mhadhiri wetu alifika kwenye vinywaji vikali vinavyolazwa kwenye mwaloni. Akasema wiski hutoka mtamboni nyeupe kama maji, haina rangi wala ladha ya maana. Pipa huchomwa ndani makusudi hadi likawa jeusi. "Hayo masizi ndiyo kazi yote," alisema. "Rangi inatoka hapo, utamu unatoka hapo. Na kamwe usitie sabuni, maana mbao inainywa na haitaitema. Ukisugua pipa kwa sabuni, basi, kogea humo." Darasa likaangua kicheko.

Mimi nilikuwa natazama vifundo vyangu. Makovu yalikuwa bado yapo, madogo, meupe.

Sikungoja kipindi kiishe. Nilitembea kutoka chuoni hadi Mwembesongo kwa miguu, mchana kweupe, kwa sababu kusimama kungoja gari nisingeweza. Njia nzima nilikuwa napanga upya siku ile moja. Angesema tu "ni mtoto". Bwana Temu angecheka, angeyachukua matano, angelisamehe la sita. Watoto ndivyo walivyo. Badala yake alijifanya fundi asiyeijua kazi yake, na fundi wa namna hiyo nani atamwamini na yale yaliyokwisha kuzibwa? Miaka minane chini ya ardhi. Mimi na sufuria zangu.

Nilimkuta kibarazani, anakaza mguu wa kigoda ambacho nina hakika hakikuwa kimelegea.

"Baba, lile pipa. Niliyesugua ni mimi."

Hakuacha kukaza. "Najua, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Ulikuwa umesimama pale na gauni lako la kanisani, unacheka. Yule bwana angekuambia ulichofanya, na wewe ungekibeba. Bora nikibebe mimi. Mimi nilikuwa nasafiri, ningeondoka nacho."

Nililia kwa sauti, kama mtoto, nikamwambia anisamehe ya pipa, na ya begi, na ya mferejini. Baba aliweka nyundo chini. Akanichukua mkono na kuugeuza, akapitisha kidole gumba chake kigumu juu ya vile vifundo, kimoja kimoja, hadi vyote vya mkono wa kushoto vikaisha.

"Ulilisugua hasa," alisema. "Nilipopitisha mkono nilisema moyoni, huyu kanishinda. Hata kule kwenye kona za mwisho hukuacha kitu. Hapa sasa kuna mtu."

Halafu akageuza uso upande wa mlima.

"Nenda kaniletee maji ya kunywa."

Nilichukua kata, nikaenda uani kuchota kwenye lile pipa. Nilikwenda polepole kadiri nilivyoweza, maana sasa nilijua kwamba Baba hakuwa na kiu.